Ua la Wino Mwekundu

Ibra, Jumatano 22 Oktoba 2003

Mjukuu wangu Khulood,

Salamu zikufikie huko ulikokimbilia. Sisi wazima. Baba yako Marhoun yuko Bidiya kambini, anawapandisha wageni milima ya mchanga kwa gari, wanapiga mayowe kama wanachinjwa, kisha wanaomba tena. Mama yako mzima, goti tu. Mtende wa mlangoni tumeukata, mfereji wa falaji umepungua maji na wenyewe ulikuwa mzee. Jirani yetu Ghaniya mzima, na ulimi wake mzima zaidi.

Sasa nisikilize. Simu sitaki. Kwenye simu unaniteleza: salamu ya kwanza Kiswahili, ya pili Kiarabu kimekuchukua, mimi nabaki nimeshika mkono wa simu. Tulikubaliana kabla hujapanda ndege. Barua, kwa mkono wako, kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo ruhusa niliyokupa mimi. Kiswahili hiki kimetoka Unguja mpaka Ibra hakikupotea njiani, usikiangushe wewe huko Japani.

Kadi yako ya kwanza ilikuwa mistari mitatu. Mistari mitatu huandikiwa mwenye duka.

Na ile karatasi uliyoitia ndani, ya herufi za Kijapani arubaini na sita, nimeiona. Zinaanza a, i, u, e, o kama zetu. Wametuibia. Nimeitandika chini ya droo ya kanga, ukubwa wake umelingana.

Chuo chako cha Maskati kilisema mwaka mmoja wa kubadilishana wanafunzi, ujifunze lugha ya watu uje umsaidie baba yako na wageni wake. Mwaka mmoja. Nahesabu. Nambie nani anakufundisha. Mwanamume au mwanamke? Kijana au mtu mzima? Usinifiche.

Barua zangu zitatoka Jumatano, siku ya soko la wanawake, nikishuka mjini. Siku nyengine usinitarajie.

Bibi yako,
Mabruka binti Himid


Kanazawa, 20 Novemba 2003

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima alhamdulillah. Nafunga, na hapa jua linatua mapema, kwa hiyo saum si nzito. Nafuturu kwa tende zako mbilimbili ili zifike mwisho wa mwezi. Baridi imeanza. Nimenunua soksi za sufu. Nisalimie Baba, Mama, na goti la Mama.

Siku ya kwanza tulipewa mtihani kujua kila mtu akae darasa gani. Mimi nimewekwa la chini kabisa, pamoja na Mthai mmoja na Wahungari wawili. Mwalimu wetu ni mwanamke, usiogope. Bi Nakagawa, ana miaka sabini. Alifundisha watoto wadogo maisha yake yote, akastaafu, sasa anatufundisha sisi wageni. Kila Ijumaa tunamwandikia ukurasa mmoja wa habari zetu. Jumatatu anaturudishia, amesahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu. Na ukiandika vizuri kabisa, anachora ua kubwa jekundu juu ya ukurasa. Bibi, nina miaka ishirini na moja na nalitamani lile ua kama mtoto wa chekechea! Wiki iliyopita nimelipata. Nimelibandika ukutani, juu ya kitabu yangu.

Halafu alituuliza kila mtu kwao wanamwitaje mama wa baba. Nikasema Bibi. Akaandika ubaoni. Sasa darasa zima wanamwita mwalimu Bibi, na yeye anacheka na anaitika. Nilifurahi sana. Kama nina nyumbani kidogo hapa.

Mjukuu wako anayekupenda,
Khulood


Ibra, Jumatano 17 Desemba 2003

Khulood,

Marahaba. Sisi wazima, mbuzi kazaa, kambi imejaa wageni, goti la mama yako limekusikia. Basi, salamu zimekwisha.

Umempa mtu jina langu.

Nimeisoma barua mara nne nikidhani macho yangu ndiyo yaliyokosea. Lile jina si halua ya Idd ukaligawa kwa sahani. Mimi nimelipata kwa surua yako, siku tisa mchana na usiku nimekulaza mapajani. Nimelipata kwa kukufunza kuoga na kuswali, na kula bila ya kumwaga. Yeye amelipata kwa chaki! Na hao Wahungari nao wana bibi zao, wakawaite.

Kuhusu kalamu nyekundu. Miaka ishirini nimekusahihisha mimi. Nikisema, "Si kitabu yangu, mwanangu, ni kitabu changu," ulivimbisha midomo ukenda kumlilia mama yako: Bibi ananionea. Leo mtu baki anakuchorachora makosa na wewe unamshukuru, unabandika ukutani! Kumbe tatizo halikuwa kusahihishwa. Tatizo lilikuwa anayesahihisha.

Haya. Nimekwenda duka la vifaa vya skuli nimenunua kalamu nyekundu. Yule Mhindi mwenye duka akaniuliza, "Mama, ya mtoto?" Nikamwambia ya mtoto, mkubwa, asiye na adabu. Barua yako nakurudishia humu ndani. Isome. Makosa thelathini na moja. Kubwa kuliko yote nimelipigia mistari miwili, nawe unajua lipi.

Ua sikutia. Mimi si bustani.

Bibi yako, wa pekee,
Mabruka binti Himid


Kanazawa, 14 Januari 2004

Bibi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Theluji imeanguka mpaka kwenye magoti, nikitembea nasikia kama nakanyaga chumvi. Nimefurahi kuhusu mbuzi.

Barua yangu nyekundu nimeipata. Nimekaa nayo siku nzima, nikaiandika yote upya kwenye daftari langu (angalia, langu!). Bi Nakagawa aliiona juu ya meza. Kiswahili hajui hata neno, ukitoa lile moja. Lakini aliushika ule ukurasa akauangalia wino wako muda mrefu. Akaniuliza nani amesahihisha. Nikamwambia. Akasema, "Huyu ana mkono wa mwalimu."

Kesho yake akaja na chupa. Ni matunda ya mti wa nyumbani kwake, huyatia chumvi mwenyewe, huyaanika juani kwenye mikeka siku tatu. Amesema ni yako. Kifurushi amekipeleka mwenyewe kwa posta ya haraka. Barua hii natuma kwa stempu ya kawaida, lakini natumai zitafika pamoja. Bibi, tafadhali: usiyale kwa kahawa! Yanafanana na tende lakini siyo. Ni chumvi na ukali mtupu. Moja tu, juu ya wali.

Mjukuu wako,
Khulood


Ibra, 4 Februari 2004, siku ya tatu ya Idd

Khulood,

Idd mubarak. Tumechinja, tumekula, mama yako kavaa nguo ya zari. Soko limefungwa, barua hii anaipeleka Marhoun. Barua yako mimi sijaiona, ni kifurushi tu, bila hata mstari.

Nikueleze ulichonifanyia wewe na mwalimu wako.

Jana wanawake wa mtaa wote wamekuja kwangu. Nimetoa dele la kahawa, halua, chetezo. Nikaifungua ile chupa. Nikaona tende, nyekundu, zimekunjamana, ndogondogo. Nikajisemea, haya, kumbe na wao wanazo. Nikazipanga kwenye sahani ya kaure iliyotoka Unguja, nikaizungusha mwenyewe, nikijigamba: "Tende za Japani hizo, kaniletea mjukuu wangu."

Ghaniya, kwa uroho wake, kachukua mbili. Akazitia zote kinywani.

Macho yakamjaa maji. Akaniangalia. Kisha akasema, "Bi Mabruka, huko Japani mitende wanainywesha bahari?"

Wakacheka, Khulood. Wakacheka mpaka mmoja kamwaga kahawa kwenye zulia langu. Wadha, yule bi harusi wa juzi, maskini kwa adabu zake kameza na kokwa. Ghaniya akasema, "Mpeni maji, na mimi nipeni ndoo." Tangu hapo kila anayepita mlangoni ananiuliza kama tende za kwetu zimeisha.

Nimefahamu. Hii ni tashtiti, uchokozi wa makusudi. Jina langu keshalichukua, sasa anautaka na uso wangu. Mwambie sahani imerudi kabatini na chupa iko uani, kwenye banda la mbuzi, na mbuzi wamekataa.

Mabruka binti Himid


Ibra, Jumatano 18 Februari 2004

Khulood,

Wazima wote. Barua yako ya tarehe 14 Januari imefika leo. Imetembea mwezi mzima, nadhani ilipanda punda.

Maneno kama "usiyale kwa kahawa" huandikwa juu ya chupa, hayaachiwi barua ya nyuma. Juu ya chupa pameandikwa u, na me, na kitu chenye vidoti viwili sikukitambua, na shi. Hapo mtu atajuaje?

Nimeitoa chupa bandani. Nimeiosha. Nimepika wali mweupe, kidogo, wangu peke yangu, nikafunga mlango wa jiko ili mama yako asinione. Nikaweka moja juu.

Khulood, ni achari. Achari hasa. Ya mtu aliyeanika akakaa na jua lake, na akawahi kuingiza ndani kabla ya umande. Kokwa linaachia lenyewe. Mkono ule naujua. Sikupenda kuujua.

Ghaniya sitamwambia. Mwache na bahari yake.

Nampelekea chupa ya achari yangu ya ndimu, ya bizari na pilipili. Asije akasema ni zawadi. Ni jibu. Na nimeandika juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa: WALI.

Bibi yako,
Mabruka binti Himid


Kanazawa, 20 Machi 2004

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai mama yangu amepata dawa ya goti. Theluji imeyeyuka. Mimi nimepanda darasa, nimetoka la chini nimeingia la pili, lakini Bi Nakagawa bado ananisomesha Jumamosi.

Achari yako aliila mbele yetu. Akawa mwekundu, akanywa maji glasi tatu, akaomba tena. Na ile habari ya jina, nimemwambia yote, hata mistari miwili. Aliniinamia kichwa, akafuta neno ubaoni kwa mkono wake. Akawaambia wenzangu: Bibi wa huyu yupo, yuko hai, mimi ni mwalimu tu.

Bibi, ulijuaje kuwa juu ya chupa pameandikwa u na me na shi?

Kuna jambo. Chuo cha hapa kimenipa nafasi ya mwaka wa pili. Wamechagua mwanafunzi mmoja tu katika darasa letu. Nikikaa nitaweza kusoma na kuandika sawasawa, si kuongea na wageni tu. Nitaweza hata kufundisha. Fomu inahitaji saini ya mkubwa wangu, na Baba amesema yeye hatii mpaka wewe utie kwanza: "Neno la bibi yako." Imo ndani ya bahasha hii. Mwisho ni tarehe 31 Mei.

Na Bi Nakagawa ameniuliza: bibi yako alisoma mpaka wapi? Niliona haya. Nimeishi na wewe miaka ishirini na sijui.

Khulood


Ibra, Jumatano 21 Aprili 2004

Khulood,

Sisi wazima. Joto limeingia. Maembe ya Bidiya bado mabichi. Goti lilelile.

Fomu nimeiona. Sitii saini.

Tulisema mwaka mmoja. Mtu husema mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili, kisha anakuja siku saba za Idd na mkoba wa zawadi, anakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Nimeyaona hayo kwa watu. Nilikulea ili nikuone, sikukulea nikusome. Huyo mwalimu wako kama anataka mtu wa Jumamosi, atafute wa kwao.

Umeshajua salamu zao, umeshajua kuhesabu, baba yako anakuhitaji kambini. Khalas.

Maswali mengine sina majibu yake.

Mabruka binti Himid


Kanazawa, 10 Mei 2004

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua imefika. Nimefahamu.

Narudi Agosti. Nimemwambia Bi Nakagawa leo. Akasema neno la bibi ni neno. Akanipa kazi ya Ijumaa kama kawaida.

Wasalimie wote.

Khulood


Ibra, Jumatano 26 Mei 2004

Mjukuu wangu,

Barua yako ya mistari minne nimeipata jana. Safari hii sikugombi. Mistari minne nilistahili.

Keti chini nikueleze, maana nitasema mara moja tu, na ukirudi usiniulize.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Skuli ya wasichana, Unguja. Mwalimu wetu akiitwa Bi Shukriya, mwembamba, kalamu yake nyekundu haikukaa ndani ya mkoba ila Ijumaa. Nilikuwa wa kwanza darasani, na usidhani naongopa, waliokuwepo wameshakufa huwezi kuwauliza. Mama alipomzaa mdogo wangu wa tano nikaambiwa nibaki nyumbani nibebe mtoto. Wiki ya pili Bi Shukriya akaja kwetu kwa miguu yake. Akaketi na baba barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mtoto begani. Akasema, "Huyu ana mkono wa mwalimu. Niachie miaka miwili tu."

Ndiyo, Khulood. Maneno yaleyale. Ulipoyaandika Januari kuwa yametoka kwa yule mwanamke, niliikunja barua nikaenda kulala mchana, mimi nisiyelala mchana. Miaka karibu sitini sijayasikia, na yananijia kutoka kwa mtu ambaye nimeshaamua kumchukia.

Baba alimpa Bi Shukriya sherbeti. Akamwambia, "Ameshajua kusoma barua na kuandika jina lake. Yatosha." Yule mwanamke akanywa, akashukuru, akaondoka. Hakurudi.

Juzi nilikuwa nimeiweka fomu yako juu ya meza niitandike chini ya vyombo. Nikaona barua niliyokuandikia Aprili, ile nakala niliyoharibu kwanza. Umeshajua salamu zao, umeshajua kuhesabu, khalas. Nikaisikia sauti ya baba. Wallahi nikageuka kuangalia mlangoni, na pazia lenyewe sina.

Nilikuwa na wivu. Nawe usidhani ulikuwa wa jina tu. Unakaa darasani una miaka ishirini na moja, mtu mzima mwenye subira anakusomea kila mstari, unapewa ua, na wewe unaniandikia mimi kwa furaha. Ulitaka nifurahi. Niliona kama umekalia kiti changu.

Saini nimetia. Marhoun naye katia, kwa woga. Kapeleka nakala yake leo asubuhi kambini, mtu wa ofisi ataituma kwa faksi, na asili yake imo humu. Mwaka mmoja wa pili, Khulood. Na Idd hukai ukingoni mwa kiti.

Jengine. Ile karatasi ya herufi sikuitandika kwenye droo. Iko chini ya mto wangu tangu Oktoba. Kila baada ya Alfajiri naandika tano, kisha nachana. Safari hii sikuchana. Imo humu, zote arubaini na sita, na jina langu chini. Mpe huyo mwalimu. Mwambie asahihishe kama anavyowasahihisha Wahungari. Asinionee huruma kwa uzee wangu, atanitukana. Na habari ya ua usimtajie. Akiona nastahili atachora mwenyewe.

Bibi yako,
Mabruka


Ibra, Jumatano 14 Julai 2004

Khulood,

Wazima. Tende za rutabu zimeiva, nimekuwekea. Mama yako kapata daktari wa goti, mzuri, mkali.

Karatasi imefika. Nyekundu tupu! Makosa kumi na tisa. Nimeyahesabu mara mbili. Na pale chini kwenye jina langu kaandika maneno, ukanifasiria ubavuni: mistari yote ya kulala inaanza upande wa kulia, inatakiwa ianze kushoto, andika tena.

Sasa nijibu. Mistari imeshakauka, imelala pale. Kajuaje mkono wangu ulianzia wapi?

Nikaishika karatasi dirishani kwenye jua. Nikaona. Wino huwa mzito pale kalamu inapotua, na mwepesi pale inapoondoka. Kaufuata mmoja mmoja. Miaka yote hii hapana aliyejua kuwa mimi mkono wangu ulifunzwa chuoni, kwa Kurani, kabla ya skuli, na mpaka leo huanza kulia. Bi Shukriya alijua. Akinipiga kwa rula.

Ua hakutia. Nimetafuta mpaka nyuma ya karatasi. Vizuri. Angelitia ningemdharau.

Nilikuwa nimekaa mlangoni naandika upya, kuanzia kushoto, mkono unakataa kama punda, Ghaniya akapita. Akasema, "Bi Mabruka, unaandika nini na kalamu inatetemeka hivyo? Unaagiza tende nyengine?"

Nikamwambia, "Nyamaza, nitakosea. Namwandikia mwalimu wangu."

Imo humu ndani. Mpelekee Jumatatu.

Bibi